Siku Walipompa Kocha Mgongo

Shabiki wa mpira hana aibu. Kocha akiwepo anataka aondoke, akiondoka anamlilia kama marehemu, na ukimkumbusha kwamba ni yeye aliyemfukuza, atakuuliza wewe ni shabiki wa timu gani.

Ndivyo walivyokuwa wale wanaume watatu Ijumaa ile alasiri, wiki chache baada ya kocha wao kutimuliwa. Walikuwa kwa dobi, kwenye chumba chake chenye meza ndefu ya kupigia pasi na bomba la chuma lililopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, limejaa mashati na magauni ya watu. Joto la pasi halikuwasumbua, walishalizoea. Wawili walikuwa wanazungumza kwa sauti za msibani. Wa tatu, dobi mwenyewe, alikuwa anapiga pasi shati lilelile ambalo alikwisha kulipiga.

Mtaani dobi huyu anaitwa Kipaza, na jina hilo hakulipata kwa upole. Ndiye kiongozi wa mashabiki wa jukwaa la mashariki, mwanzishaji wa nyimbo zote, na sauti yake ikipanda, kipa wa upande wa pili hugeuka akidhani ameitwa. Lakini tangu kocha aondoke alikuwa hasemi ila akisemeshwa. Wenzake walidhani ni uchungu wa timu. Wapi! Uchungu wake ulikuwa wa mpwa wake, mtoto wa mdogo wake wa kike, kijana aliyemlea mwenyewe tangu baba yake afariki. Kijana alikuwa anasafiri kesho alfajiri kwenda mbali, kufanya kazi kwenye ghala analolisimamia baba yake mdogo, na alikuwa hajakanyaga pale kwa dobi kuaga. Kipaza alijua sababu. Alijua pia kwamba jua la leo likizama bila kijana kuja, basi tena.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema Mwalimu. Huyu ni mstaafu, na kila jambo bado analifungua kwa methali kama vile yuko mbele ya ubao.

"Huyu mpya anatula na mifupa anatafuna," alijibu Kinyozi. Yeye ni jirani wa chumba cha pili, na akikosa wateja huhamia kwa dobi na kitana chake mfukoni. "Kila mechi kichapo. Afadhali sare za yule bwana. Sare nayo si ni pointi, jamani?"

"Ni wewe uliyekuwa unasema sare ni kifo cha taratibu."

"Nilisema. Sasa nimeona kifo cha haraka."

Wakacheka, kicheko cha kinyonge. Kocha walimwita Bwana Sare, maana katika miaka yake pale timu ilitoka sare na kila aina ya mpinzani, mpaka na ile timu iliyofika uwanjani bila kipa ikamsimamisha dereva wake wa basi golini. Dereva alidaka kila kitu. Siku hiyo Kinyozi alitupa skafu yake mtaroni, na kesho yake akaifuata.

"Lakini mimi mwenzenu ananiuma," Kinyozi aliendelea. "Mnakumbuka nilipovunjika mguu?"

Nani asahau? Alivunjika akishangilia bao. Aliruka kutoka ngazi za juu za jukwaa, na kabla hajatua chini mshika kibendera alikuwa ameshalikataa.

"Alikuja hospitali. Peke yake, kwa miguu, na machungwa kwenye mfuko. Nikajua amekuja kunipa pole. Kumbe amekuja kunielimisha! Akayapanga machungwa juu ya shuka langu, hili beki, hili mshambuliaji, akaniambia, 'Unaona sasa? Ulikuwa umeotea.' Mimi! Utadhani nilikuwa nacheza." Akajifuta macho kwa kiganja. "Halafu tukakaa pale, tukawala mabeki wote."

"Alikuwa mtu," alisema Mwalimu.

"Alikuwa mtu."

"Na sisi tukampa mgongo."

Hapo macho yao wote yakaenda mwisho wa bomba, kwenye suti ya kijivu. Ilikuwa ya kocha. Aliileta wiki ya mwisho ya kazi yake, na hakurudi kuichukua. Kipaza angeweza kuikunja na kuiweka kwenye sanduku la nguo zilizosahauliwa. Badala yake kila Ijumaa aliishusha akaipiga pasi upya, ingawa hakuna aliyekuwa ameivaa.

Sasa huo mgongo nao una habari yake. Watu hawa wana desturi waliyoirithi kwa waliowatangulia jukwaani. Wakimchoka kocha hawamtukani, hawatupi chupa, hawavamii ofisi. Siku ikifika, kiongozi wa jukwaa hukata wimbo katikati, anageuka, anaupa uwanja mgongo, na jukwaa zima linageuka. Wanasimama hivyo kimya mpaka kipenga cha mwisho. Anayechungulia anavuliwa skafu mbele za watu, na wapo waliovuliwa wakahama mtaa kwa aibu. Hakuna kocha aliyewahi kubaki baada ya kupewa mgongo. Wanajivunia sana jambo hili. Husema matusi ni ya watoto, mtu mzima hutoa mgongo. Mimi nasema bora wangetukana, maana matusi mtu anaweza kuyatoa huku anaangalia mpira.

Kikao cha kumkataa Bwana Sare kilifanyika humohumo kwa dobi, na Kipaza ndiye aliyesimama kidete. Sababu alizozitoa zilikuwa za kiufundi: timu haishambulii, viungo wanarudisha mpira nyuma, sare zimezidi. Ya moyoni hakuitaja. Ya moyoni ni kwamba mpwa wake alikuwa winga wa timu hiyohiyo, mwepesi wa miguu kuliko wote, na kocha alimkalisha benchi misimu miwili bila kumwingiza. Kila siku ya mechi Kipaza aliipiga pasi jezi ya kijana, akainyoosha mpaka kola, na kila mara jezi ilirudi bila tone la jasho. Wapo wanaomchukia kocha kwa vipigo. Kipaza alimchukia kwa jezi safi.

Ikafika siku yenyewe. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, timu iko nyuma kwa bao moja, na dakika zinayoyoma. Kipaza akakata wimbo. Akageuka. Watu wote wa jukwaa la mashariki wakageuka, naye akabaki mstari wa mbele kabisa, kwenye reli, karibu na chaki ya uwanja, anatazama visogo vya watu wake.

Kimya kikatanda. Muuza karanga, ambaye desturi haimhusu, akapita chini ya reli akasema, "Kipaza, yule si mpwa wako anaingia?"

Kipaza alidhani anategwa. Kisha akasikia miguu inakimbia kwenye majani mabichi nyuma yake, miguu anayoifahamu. Mpira ukatoka nje, ukagonga reli karibu na kiuno chake. Mtu akaja kuuchukua ili arushe, akaja karibu mpaka pumzi zake zikasikika.

"Mjomba!"

Mara moja tu. Haikuwa sauti ya lawama. Ilikuwa ya furaha, kama mtoto anayekuita uje uone jino lake lililong'oka. Na Kipaza, aliyeiombea siku hiyo misimu miwili, akakaza shingo. Kugeuka alitaka, Mungu anajua alitaka. Lakini angegeuka yeye, wangegeuka wote, na desturi ya wazee wa jukwaa ingevunjikia mikononi mwake. Akakaza shingo mpaka mishipa ikauma. Miguu ikaondoka. Mashabiki wa timu ngeni, ng'ambo ya uwanja, wakapiga ukelele wa hofu, wakashusha pumzi, wakapiga tena ukelele mkubwa zaidi. Kuna kitu kilikuwa kinatokea, na kilikuwa kizuri, na yeye alikuwa anatazama visogo.

Kipenga kilipolia aligeuka. Wachezaji walikuwa wameshaingia ndani. Timu imefungwa moja kwa bila, na siku ya pili yake kocha akafukuzwa. Kocha mpya alipofika alifagia benchi lote, na mpwa wa Kipaza akawa wa kwanza kufagiwa. Mechi yake ilikuwa ile moja, na hizo dakika zake chache.

Balaa lenyewe sasa ni kwamba hakukuwa na wa kumuuliza. Jukwaa zima halikuona kitu, maana siku hiyo walikuwa watiifu kupita kiasi, hakuna hata mmoja aliyechungulia. Televisheni haikuwepo. Mtangazaji wa redio alikuwa ameshahamia uwanja mwingine. Wageni walikuwa wamesharudi kwao, na kuwauliza wachezaji wenzake kijana Kipaza aliona aibu, maana ndio aliowapa mgongo. Muuza karanga alipofuatwa alisema alikuwa anamfungia mteja. Kipaza akaishia kwa mdogo wake, mama wa kijana, akamkuta anachambua mchele.

"Amekusimulia alivyocheza?" alimuuliza.

Mama hakuinua kichwa. "Kaka, unaniuliza mimi niliyekuwa hapa na ungo wangu? Si wewe ulikuwepo uwanjani?"

Kipaza akakosa pa kuweka mikono.

"Anasema alikuita," mama aliendelea. "Alikuita ukiwa karibu naye kuliko nilivyo mimi na mlango ule. Ulimsikia?"

"Sikusikia."

Mdogo wake akamtazama kwa muda mrefu, wanavyotazamana watu waliolala kitanda kimoja utotoni. "Haya," akasema. "Nitamwambia hukusikia."

Hayo ndiyo yaliyomnyima Kipaza sauti Ijumaa ile, wakati wenzake wanamlilia kocha. Na wakati Kinyozi anaanza tena habari ya machungwa, mtu akabisha mlangoni.

"Hodi humu."

Alikuwa kocha mwenyewe. Mwanamume mfupi, begi begani, viatu vina vumbi. Wale wanaume wakasimama wote kwa pamoja, hata Mwalimu, kama wanafunzi waliokutwa na kosa.

"Karibu, karibu, Kocha," Mwalimu alisema na kumpisha kiti.

"Sikai. Nimekuja kuichukua suti yangu, nasafiri. Nimepata timu ndogo huko mbali, na mtu haendi kuanza kazi bila suti."

Kipaza akaenda kuishusha. Mikono haikuwa na haraka. Kinyozi hakuweza kujizuia.

"Kocha, tusamehe. Tumekukosea. Tulikuwa na kitu hatukujua kama tunacho."

"Ah, kocha kufukuzwa ni kama dobi kuungua kidole," kocha alisema. "Ni mambo ya kazini. Na msijione, mimi nimeshafukuzwa na timu kubwa kuliko hii." Wakacheka kwa ahueni. Kisha akamgeukia Kipaza. "Mpwa wako hajambo?"

"Hajambo. Kesho anasafiri. Ameacha mpira."

Hapo kocha akakaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Ameacha," alirudia. "Unajua kwa nini nilimweka benchi?"

"Hukumpenda," Kipaza alisema. Alishachoka kupamba maneno.

"Kifundo cha mguu. Kilikuwa kibovu. Ningemwingiza mapema, leo angekuwa anachechemea. Aliniomba nisikwambie. Alisema, 'Mjomba akijua atanikataza kucheza, na mtaa mzima utamsikia.' Basi nikanyamaza, nikakubali mnichukie. Siku ile ya mvua ndiyo siku daktari alisema amepona."

Pasi ilikuwa imeachwa juu ya shati, na harufu ya kuungua ikaanza. Mwalimu akainyanyua. Kipaza hakugeuka kuitazama.

"Alicheza vipi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo hata Kinyozi akamwangalia kuhakikisha ni yeye. "Wewe ulikuwa unaangalia uwanja. Niambie, Kocha. Alicheza vipi?"

Kocha akatikisa kichwa.

"Nikikwambia nitakudanganya. Nilikuwa nawaangalia nyinyi. Kocha anayepewa mgongo hauoni mpira tena, anaona migongo. Nilimwingiza, nikajisemea, wakimwona kijana wao watageuka. Nikakaa naangalia kama mtageuka." Akaipokea suti. "Nilimsikia anakuita, lakini. Na wewe ulimsikia. Benchi liko pale pale, niliiona shingo yako."

Kinyozi na Mwalimu wakatazama sakafu. Wao nao Kipaza alikuwa amewaambia hakusikia, uwongo uleule aliompa mama wa kijana.

"Ningegeuka mimi, wangegeuka wote," Kipaza alisema.

"Ndiyo," kocha alijibu bila ukali. "Wangegeuka wote."

Akaaga kwa mkono, mmoja mmoja. Kinyozi akalichukua lile begi akamsindikiza, huku analia wazi bila kujali watu wa barabarani. Kipaza alichomoa waya wa pasi, akamwambia Mwalimu amshikie duka, akatoka. Hakuvaa hata shati, alikwenda na fulana yake ya kazi yenye alama za moto tumboni.

Kwa mdogo wake alikuta begi limewekwa wazi juu ya kitanda, na mpwa wake anapanga nguo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anashona kifungo. Kijana alipomwona, uso ukamchanua.

"Mjomba! Karibu. Nilikuwa nakuja kwako sasa hivi, nimalize hizi tu." Akamsogezea kiti. "Nisamehe sijaja siku zote hizi. Nilikuwa na kinyongo cha kijinga. Mama ameniambia hukusikia. Na kweli, nimefikiri, kwa zile kelele za wageni ungenisikia vipi? Nimejilaumu sana."

Kipaza alikuwa bado hajakaa. Mama alikuwa ameacha kushona, sindano iko hewani, anamtazama kaka yake. Hakumkonyeza, hakumwomba kitu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa Kipaza ni kusema "Usijali, mwanangu," na kukaa, na kunywa chai, na kesho kumsindikiza kijana wake mpaka kwenye basi akiwa na mkono begani mwake. Alilitaka jambo hilo kuliko kombe lolote. Lakini kijana alikuwa anajilaumu, na hilo hakuweza kulivumilia.

"Nilikusikia," alisema.

Kijana akabaki na suruali mkononi.

"Hakukuwa na kelele wakati ule. Uliniita, nikakusikia, nikajua ni wewe. Nikakaza shingo kwa sababu ya watu. Mama yako nilimdanganya. Hukukosea kitu, mwanangu, kosa ni langu tupu."

Nje watu walikuwa wanapita na redio. Uso wa kijana ulibadilika pole pole, akawa mkubwa mbele yao, mtu mzima wa kwenda kufanya kazi ghalani.

"Ungeniacha niende na ile ya mama," alisema.

"Nilitaka."

"Ilikuwa inanitosha, mjomba."

Machozi yakamtoka Kipaza, na hakuyafuta. Mdogo wake akainama kwenye kifungo, akakosa tundu, akajaribu tena.

"Naomba unisimulie basi," Kipaza alisema. "Sina mwingine wa kumuuliza. Kocha hakuona, watu hawakuona. Niambie wewe ulivyocheza."

Kijana alimtazama. Kulikuwa na kitu machoni mwake kilichotaka kusema, kilifika mpaka mdomoni, na mkono mmoja ukaanza kuinuka unavyoinuka mkono wa mchezaji anapotaka kukuonyesha mpira ulipopita. Kisha ukashuka.

"Nilicheza vizuri, mjomba," alisema. "Sijawahi kucheza vizuri vile."

Kipaza akasubiri. Alitaka habari ya ule ukelele wa kwanza na ule wa pili, beki aliachwa wapi, mguu gani ulipiga, kifundo kiliumaje. Alisubiri amesimama, mikono imening'inia.

Kijana aliikunja suruali, akaiweka juu ya nyingine, akafunga zipu ya begi. Kisha akamwomba mama yake amwamshe mapema.